Somo la Kupumua kwa Muuza Mkaa

3 Februari

Kwako Kengele, mpwa wangu,

Pokea salamu za mwalimu mwenzako. Umesoma sawasawa. Mjomba wako sasa anafundisha opera. Darasa limejaa mpaka wengine wanasimama dirishani, na jana kuna mtu kaja kuomba nafasi nikamwambia ajaribu mwakani.

Haya, darasa halijajaa. Hao wa dirishani walikuwa wanangoja ndoo zao niziwekee vitako. Mwanafunzi ni mmoja. Ni mwanamke wa makamo, muuza mkaa, na wala hakuomba. Aliingia karakanani, akafunga mlango, akasema, "Wewe si ndiye mjomba wa yule anayefundisha watu kuimba? Nifundishe na mimi." Nikamwambia nimegonga bati maisha yangu yote, masikio yamebaki ya kupambia kichwa. Akasema hajauliza habari za masikio.

Huku tu wazima. Goti langu linatangaza mvua mapema kuliko redio. Paa la jikoni linavuja, aibu kwa fundi bati, lakini wateja hawafiki jikoni. Mama yako mzima, anashona, anagombana na cherehani na cherehani ndiyo inashinda. Nilimwuliza, "Namwandikia mwanao, niseme nini?" Akakata uzi kwa meno, akasema, "Sema unachosema siku zote, upuuzi."

Kwa hiyo tuendelee. Mtu anaanzia wapi? Ninachojua, opera ni mchezo wa kuigiza ambao watu badala ya kuongea wanaimba, na badala ya kufa kimya kimya wanaimba pia. Elimu yangu inaishia hapo. Shule yenyewe niliishia darasa la nne, na hilo la nne tuliachana vibaya.

Usinipigie simu. Somo la simu linaingia huku linatokea kule. Liandike, tulirudie.

Mjomba wako, fundi bati na mwalimu


27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Pole na goti. Mimi sijambo. Chumba changu cha kufundishia ni kilekile: piano yenye kitufe kimoja kilichogoma, kioo kirefu, dirisha lisilofunga, na jirani wa tarumbeta nyuma ya ukuta. Wanafunzi wa mwaka huu ni wasikivu kupita kiasi. Nikikohoa wanaandika.

Sijui kama unanitania. Nikijibu kwa dhati utacheka, nisipojibu utasema naringa. Basi najibu.

Opera haina kipaza sauti. Sauti ya mtu mmoja inatakiwa ivuke ala zote za muziki imfikie aliyekaa nyuma kabisa. Huwezi kufika huko kwa kupiga kelele, koo litachanika. Unafika kwa pumzi. Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Ukivuta hewa kiwambo kinashuka, tumbo linatoka mbele, mbavu zinapanuka pembeni. Mabega yanabaki chini. Mlaze chali, mwekee kitabu kizito tumboni. Avute pumzi, kitabu kipande juu. Atoe kwa "sss" ndefu, kitabu kishuke taratibu kama kinateremshwa kwa kamba. Afanye hivyo wiki nzima bila kuimba chochote.

Kuhusu mama, naomba usinitajie. Unajua ilivyokuwa nilipokuja likizo. Mlinisihi niimbe. Nikasimama pale sebuleni, na nilipofika juu kabisa yeye akauliza mbele ya watu wote, "Huyo mtoto kabanwa na mlango?" Mkacheka mpaka shangazi akamwaga chai. Wimbo ule nilikuwa nimeufanyia kazi mwaka mzima. Tangu siku hiyo hatujasemezana, na mimi siwezi kuanza. Kama yeye anaweza, anajua nilipo.

Mpwa wako


20 Machi

Kengele,

Marahaba. Pole na dirisha. Lingekuwa karibu ningekuja kuliharibu zaidi.

Somo la kulala limefanyika. Kitabu kizito hatuna, tukatumia pasi ya mkaa, ikiwa baridi. Mwanafunzi alilala sakafuni juu ya magunia, pasi tumboni, mimi nimekaa juu ya ndoo nasoma barua yako kama hakimu. Akavuta pumzi. Mabega yakapanda, pasi ikabaki palepale. Nikamwambia mabega yashuke. Akaniambia mabega ni ya kwake. Tukagombana kidogo, kisha pasi ikapanda yenyewe, mwenye tumbo akashtuka kuliko mimi. Akashika mbavu kwa mikono miwili. "Kumbe mtu anaongezeka hivi?" Basi akaanza: akivuta anajipima kwa vidole, akitoa anajipima tena. Nikasema hapa tunaimba, hatupimi. Hata hakunitazama.

Alipoondoka nikajaribu na mimi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akachungulia, akaniona nimelala chali macho nimefumba na pasi juu ya tumbo, akavua kofia. Nilipomwambia "Karibu" alikimbia hata kofia akaisahau.

Lakini nimechanganyikiwa. Umesema mwenyewe hewa inaingia mapafuni. Mapafu yako kifuani. Sasa tumbo linatoka mbele kufuata nini? Nimeliwaza jambo hili mpaka nimegonga kidole.

Mwanafunzi ana maswali. Anauliza, sauti ikifika kule juu kabisa, inauma? Na mtu anayefundisha siku nzima, anapata muda wa kula? Na kukiwa na baridi, shingo anaifunika na nini? Nilimwambia hayo siyo maswali ya opera. Akasema, "Andika."

Mama yako mzima. Samahani, nimekutajia. Kalamu ilikuwa imeshika mwendo.

Mjomba


15 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimecheka habari ya kinyozi mpaka jirani akaacha tarumbeta. Mrudishie mtu kofia yake.

Hewa inabaki mapafuni. Kiwambo kikishuka kinasukuma vilivyo chini yake, navyo havina pa kwenda isipokuwa mbele. Sukuma godoro ndani ya sanduku dogo utanielewa.

Mjibu hivi: haiumi. Ikiuma, kuna kitu kimekazwa ambacho hakikutakiwa kukazwa, ama koo, ama taya, ama mzizi wa ulimi. Ikienda vizuri husikii chochote kooni, kama vile sauti ni ya mtu mwingine. Hilo ndilo wanafunzi wangu hawaniamini. Nina mmoja, wa kike, anafanya kila ninachosema. Pumzi sawa, mabega sawa, noti sawa. Juzi kaniuliza, "Mwalimu, nimefuata yote, mbona hakuna kitu?" Nikamwambia arudie mazoezi. Ukweli ni kwamba sikujua cha kumjibu, na bado sijui.

Somo la pili: afungue mdomo. Ajifanye anaanza kupiga mwayo. Nyuma ya kaakaa gumu kuna kaakaa laini, na mwayo ukianza hilo linapanda na koo linakuwa pana. Aishie mwanzo wa mwayo, asiumalize. Taya ining'inie tu, asiisukume.

Nakula mchana wanafunzi wakitoka. Nina mtandio. Lakini Mjomba, muuza mkaa shingo yangu anaitakia nini?

Mpwa wako


9 Mei

Kengele mpwa wangu,

Marahaba. Kofia nimerudisha. Kinyozi ameipokea kwa ncha za vidole, nadhani bado hana uhakika kama mimi ni mzima.

Wauza mkaa ni watu wenye huruma, unataka nikuambie nini? Wanashinda na joto, wanaogopa baridi kwa niaba ya wengine.

Somo la mwayo limetushinda. Kwanza yeye alipiga mwayo, nikaambukizwa, nikamwambukiza tena, tukakaa pale mchana mzima kama fisi wawili. Mteja alikuja kuchukua birika lake akaondoka nalo anapiga mwayo.

Pili, mdomo wenyewe haufunguki. Namwambia, "Fungua." Anafungua kama mlango wa mtu anayedhani umekuja kuomba chumvi. Midomo inabanana kona ya kushoto, haiachii. Nikamwambia, mama wewe, pini hazipo leo, fungua. Akagusa kona ya mdomo kwa kidole, kweli akizitafuta. Akasema ameishi nazo hapo miaka mingi mno, hata akilala anahisi zipo, na akifungua mdomo anaogopa zitadondoka aje amechoma mtu.

Pini za magunia, bila shaka. Wauza mkaa wana magunia mengi.

Sasa mwalimu mkuu, mdomo wa namna hiyo unafunguliwaje?

Hapa kwetu wote wazima. Mmoja amepungua kidogo, hali chakula vizuri, anasema ni kazi. Simtaji.

Mjomba


30 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa. Kulikuwa na mitihani, na barua yako nilikuwa naifungua na kuifunga. Natumaini wote wazima.

Yafuatayo ni ya mwanafunzi wako. Msomee kama yalivyo, usiongeze lako.

Asilazimishe kona ya mdomo. Iliyozoea kushika kitu haiachii kwa kuamrishwa. Aweke viganja viwili mashavuni, ashushe ngozi taratibu, taya iifuate. Akae hivyo avute pumzi mbili tatu bila sauti. Hakuna pini. Hakuna atakayechomwa. Hata mtoto aliyekuwa anatambaa chini ya meza yake akiziokota, huyo sasa ni mkubwa na hayupo pale chini.

Akiwa tayari aimbe "a", hiyo moja tu. Aanzie chini, apande ngazi moja moja. Atafika pahali ataogopa. Kila mtu anapo. Akifika hapo asirudi na asikaze koo, aongeze pumzi tu. Sauti itakayotoka huenda ikawa mbaya. Aiache iwe mbaya.

Ale vizuri. Huwezi kuimba kwa tumbo tupu, na huwezi kuuza mkaa pia.

Mpwa wako


22 Julai

Kengele,

Marahaba. Barua yako fupi imenitesa kuliko zile ndefu.

Nimeisoma kama ulivyoagiza. Nilipofika pa mtoto wa chini ya meza, mwanafunzi akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena." Nikamwambia mimi siyo redio. Akaninyang'anya karatasi, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akasimama kanipa mgongo. Nikaona mabega yamepanda, lakini sikumkosoa.

Kisha akarudi, akaweka viganja mashavuni. Kengele, nimemjua mwanamke yule tangu anazaliwa

Hapo nilitaka kufuta lakini kalamu yangu haifutiki. Endelea kusoma kama hukuona.

Akaanza na "a" ya chini, nzuri tu, kama mtu anayeitika akiwa chumba cha pili. Akapanda. Akapanda tena. Akafika pahali nikaona macho yamemtoka, mkono umeshika kona ya mdomo. Nikadhani ataacha. Hakuacha. Ilitoka sauti ambayo mimi, mtu niliyekata bati kwa msumeno butu, sijawahi kuisikia. Nikacheka. Unanijua, mimi hucheka hata nikikanyaga msumari.

Akanigeukia jasho linamtoka puani. Akasema, "Usicheke. Kuna mtu anafanya kazi hapa."

Akakaa juu ya ndoo, akahema, akasema peke yake, "Kumbe ni kazi." Nikamwuliza ana maana gani. Akasema niendelee na bati zangu. Barua yako kaikunja kaingiza kifuani. Nikasema ni ya kwangu. Akasema imeandikiwa mwanafunzi.

Tangu siku hiyo masomo hataki. Kajifungia, na cherehani inanguruma kutwa nzima. Namaanisha gunia la mkaa. Linanguruma.

Mimi sielewi, mpwa wangu. Sijui kama nimefundisha mtu au nimeharibu mtu.

Mjomba


18 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti, paa na kinyozi wote hawajambo. Tuuache mkaa sasa.

Jana nimepokea kifurushi. Ndani kuna gauni la jukwaani, buluu iliyokoza, refu mpaka chini. Hakuna barua. Nimetafuta kila pahali, hata ndani ya pindo nimepapasa.

Nimevaa magauni mengi ya kuimbia, na yote nimeyachukia. Mafundi wanapima mtu akiwa amesimama kimya, wanakata kufuata hapo. Ukivaa unapendeza, ukivuta pumzi kitambaa kinakukaba mbavu, unaimba na nusu ya hewa. Hili limekatwa vipande viwili vya ubavuni kwa mshazari. Nikivuta pumzi vinafunguka, nikitoa vinarudi, na kwa mbele huoni kitu. Vimewekwa palepale zinapoishia mbavu, siyo juu, siyo chini. Mtu hawezi kupajua hapo kwa kukisia.

Leo mchana, darasa likiwa tupu, nimelivaa. Nimeimba ule wimbo wa sebuleni. Sikuwa nimeuimba tangu siku ile. Nilipofika juu, nilisahau kuwa ni juu. Yule mwanafunzi wangu wa "mbona hakuna kitu" alikuwa nje ya mlango, akaingia akaniuliza, "Mwalimu, leo umefanya nini tofauti?" Nimefundisha pumzi miaka yote hii, Mjomba, na nikamwambia sijui.

Mwezi wa Novemba walimu tutaimba mbele ya wanafunzi. Nitalivaa. Hilo tu ndilo ninalolijua. Mengine yote yamenichanganya. Sijui kama huu ni msamaha, au ni gauni tu, au ananiambia nimenenepa. Nimeanza kumwandikia. Nimeandika "Mama," nikaweka mkato, nikakaa hapo mpaka chai ikapoa. Kila linalofuata ama linaonekana kama naomba radhi kwa kosa lisilo langu, ama kama nadai radhi kwa kosa lililokwisha.

Alisema chochote alipokuwa analishona? Nimwandikie nini?

Mpwa wako


10 Septemba

Kengele,

Marahaba. Sisi wazima. Paa sasa linavuja na sebuleni, jiko limechoka kuwa peke yake.

Unaniuliza kama ni msamaha au ni gauni. Mpwa wangu, mimi nilikuwa ndani ya hilo gauni kabla yako, na sijui.

Ndiyo, mimi. Sanamu ya kuvalisha nguo anayo, lakini alisema sanamu haipumui. Akanivuta kutoka kazini na jasho langu, akanivua shati, akanivalisha buluu. Nikasimama juu ya kigoda kama zawadi. "Vuta. Toa. Vuta. Usiongee, ukiongea mbavu zinanidanganya." Nilipumua mpaka kizunguzungu. Alikuwa anafungua ubavu, anabandika, hataki, anabandua, anafungua tena. Alinichoma mara nyingi, na sikuona dalili ya majuto. Mabega yangu yakipanda ananipiga na futi ya mbao. Nilimkumbusha kwamba mwalimu ni mimi. Akasema mwalimu ana mbavu nene, itabidi apunguze akishanivua.

Nikamwuliza, kwa sababu na mimi ni binadamu nataka kujua, "Haya yote, ndiyo unamwomba mtoto radhi?" Akaonyesha mdomo wake kwa kidole, maana yake ana pini, hawezi kujibu. Zilikuwa pini mbili. Nikasema nitangoja. Akachukua nyingine akaongeza.

Hilo ndilo alilosema alipokuwa analishona. Wewe ndiye msomi, tafsiri.

Kuhusu barua yako yenye neno moja, sijui. Ukinibana nitasema itume hivyohivyo, na mkato wake. Mwanafunzi yule namfahamu, ukimpa neno moja analifanyia mazoezi wiki nzima, na amezoea kusoma barua zako akiwa mlangoni. Lakini mshauri wenyewe ni mtu aliyetumia pasi kama kitabu, kwa hiyo pima mwenyewe. Ninachokukataza ni kupitishia kwangu. Anwani ni ileile, mlango wa pili.

Sasa nina jambo langu, nawe nadhani utakubali kuwa una deni nami, si dogo, ila ninachoomba ni kidogo. Wakati niko juu ya kigoda dirisha lilikuwa wazi. Kinyozi aliniona. Sikuwahi kumwona mtu akifurahi vile. Sasa mtaa mzima wananiita Bibi Harusi. Wateja wanaleta ndoo wanauliza sherehe lini. Naapa gauni ni la mpwa wangu, mwimbaji, mwalimu wa chuo, hakuna anayeniamini.

Nitumie picha yako ukiwa umelivaa. Kubwa, siyo ile ya kitambulisho. Ije kwa jina langu, nitaibandika kwenye kioo cha kinyozi mwenyewe. Kama kuna mtu mwingine wa jirani atataka kuitazama kwanza, nitamwazima, mradi asinijazie alama za vidole. Na upigwe ukiwa umevuta pumzi, gauni limefunguka vizuri ubavuni, wasije wakasema mimi lilinikaa zaidi.

Mjomba wako